Magurudumu ya kaboni, au tairi kwanza?

SWALI: Huendesha baiskeli ya mbio kila wikendi, Arusha hadi Usa River na kurudi. Fundi ananishauri ninunue magurudumu ya kaboni niongeze kasi. Inafaa?

JIBU: Bado, ndugu yangu. Ukishapita kilomita 30 kwa saa, kinachokuzuia zaidi ni upepo, na sehemu kubwa ya upepo huo inagonga mwili wako, si ringi. Gurudumu jepesi likikupunguzia nusu kilo, nawe na baiskeli mna kilo 80, hujaokoa hata asilimia moja ya mzigo unaoupandisha mlimani.

Anza na tairi. Tairi nyororo za milimita 28, kama fremu ina nafasi, zisizojazwa upepo kupita kiasi, hupita juu ya kokoto bila kukutikisa na hula nguvu zako kidogo kuliko tairi ngumu za bei rahisi. Gololi za habu nazo zipakwe grisi mpya.

Magurudumu badilisha ikiwa breki zimekula kuta za ringi hadi zikabonyea, au spoki zinakatika kila mara. Hata hapo ningechukua alumini imara. Ringi duni za kaboni zikibanwa na breki kwenye mteremko mrefu hupata moto hadi kuharibika, na hapo ni maisha yako yanayochezewa.