Tembe Haioshi Mafuta

Nyanya yangu ana ugonjwa wa kisukari. Kila asubuhi humeza tembe yake ya metformini, kisha huniagiza, "Mjukuu wangu, nikaangie chapati, na mafuta usinibanie. Si dawa nimeshameza?" Swali hilo lilinifanya nisome na kuuliza. Haya ndiyo niliyoyapata.

Mshipa wa damu si kama mpira wa kumwagilia mboga maji. Ndani yake mna utando mwororo ulio hai, ambao huufanya mshipa utanuke au usinyae. Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu, utando huo huumia. Hapo ndipo lehemu hupata mwanya. Lehemu hutengenezwa na ini, nayo huongezeka katika damu tukila sana mafuta yanayoganda, kama vile samli, siagi na mafuta ya nyama. Hupenya kwenye ukuta wa mshipa, hujikusanya, na njia ya damu huwa nyembamba. Bandu bandu huisha gogo! Njia ikiziba moyoni, mtu hupata shtuko la moyo. Ikiziba ubongoni, huenda akapooza.

Je, dawa nayo hufanya nini? Metformini hulizuia ini kumwaga sukari nyingi katika damu. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotangazwa mwaka wa 1998 ulionyesha kwamba, kati ya wagonjwa wanene, shtuko la moyo lilipungua kwa asilimia 39 kwa waliotumia metformini, wakilinganishwa na waliotegemea hasa chakula. Kumbe nyanya hakukosea kuiamini! Lakini hata hao waliomeza tembe walishauriwa kuhusu chakula. Tena, metformini hupunguza lehemu kidogo tu. Basi nyanya alikuwa akifunga mlango wa mbele huku ule wa nyuma ameuacha wazi.

Sikumwambia aache chapati, angenifukuza jikoni. Tulipatana: chapati siku moja kwa wiki, mafuta ya alizeti kwa kijiko, siku nyingine maharagwe na parachichi. Tembe anaendelea kumeza jinsi daktari alivyomwagiza.

Wenzangu mlio na wazee wenye kisukari, msiwakumbushe dawa pekee. Chungulieni na sufuria pia. Tahadhari kabla ya hatari.