Vikorombwezo vya Motokaa: Kipi ni cha Kazi na Kipi ni cha Maringo?

Muhula huu tulipokuwa katika somo la mwendo na kani, niliandika ubaoni hesabu ya gari linalofunga breki ghafula. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu akanyosha mkono akasema, "Mwalimu, gari lako lina ringi za chuma za kawaida tu, na redio yake ni ndogo. Tena twasikia ulililipia zaidi kuliko wenzako walio na magari ya kung'aa. Hizo fedha zako zilikwenda wapi?"

Darasa zima likacheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini swali lile lilikuwa la haki, na jibu lake halikutosha kwa dakika zilizobaki kabla ya kengele. Ndiyo sababu nimeomba nafasi katika gazeti letu nilijibu hapa. Huenda likawafaa pia wazazi wanaojiandaa kununua gari la nyumbani.

Gari hilo mnaloliona ni la pili. Makosa niliyafanya katika la kwanza.

Mwaka 2017 nilikwenda Dar es Salaam kununua gari lililotumika, la kutoka Japani, kama tufanyavyo wengi wetu. Katika yadi moja nilionyeshwa magari mawili ya aina moja na ya mwaka mmoja. La kwanza lilikuwa na ringi pana za kung'aa, vioo vyeusi, viti vya ngozi, na redio yenye kioo kikubwa katikati ya dashibodi. La pili halikuwa na pambo lolote, ila lilikuwa na mifuko ya hewa ubavuni, mkanda kamili kwa abiria wa katikati kiti cha nyuma, na tairi zima la akiba chini ya buti. Lile la mapambo lilizidi bei kwa shilingi laki tisa.

Mama watoto alikuwa pamoja nami. Akafungua mlango wa nyuma wa lile la mapambo, akapapasa kiti, akaniuliza, "Baba, mkanda wa katikati uko wapi?" Nilimjibu kwa haraka, "Watoto wetu ni wawili tu. Nani atakaa katikati?" Naye akanyamaza. Nikalipa. Nilipofika nyumbani Iringa majirani walitoka kulitazama, nami nikajiona nimefanya jambo la maana.

Redio ndiyo iliyoanza kunifundisha. Japani masafa ya FM huanza 76 na kuishia 90, na katika redio za karibuni 95. Lakini kwetu stesheni nyingi ziko kati ya 88 na 108. Kwa hiyo kioo kile kikubwa kilinipatia stesheni mbili tu. Ramani yake ilikuwa ya miji ya Japani, na maandishi yake yote ya Kijapani. Nililipia chombo kisichojua niliko.

Hilo lilikuwa la kuchekesha. La pili halikuwa la kuchekesha.

Mwezi wa Desemba mwaka ule tulikuwa tukienda kijijini Makete kula sikukuu. Mama yangu mzazi alikaa nyuma pamoja na mtoto wetu mkubwa. Mama watoto alikaa mbele kushoto, akiwa amempakata mdogo, mwenye umri wa miezi minane. Tulikuwa tumeiacha lami, na jua lilikuwa likizama. Ng'ombe akatoka kichakani. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote, gari likaserereka hadi ukingoni mwa barabara, likapanda juu ya mawe. Mtoto akaponyoka mikononi mwa mama yake kama samaki, akajipiga kwenye dashibodi. Nashukuru kwamba mwendo wetu ulikuwa mdogo na gari lilikuwa limekwisha kupunguza kasi. Alipasuka juu ya nyusi, damu ikamtoka nyingi, naye akalia. Kilio kile kilikuwa faraja kwetu, maana tungeweza kutosikia kitu.

Nikashuka. Jiwe lilikuwa limelichana tairi la mbele ubavuni. Nikafungua sakafu ya buti nitoe tairi la akiba, nikakuta chupa ya dawa ya kuzibia na pampu ndogo ya umeme. Tairi halikuwamo. Magari mengi ya siku hizi hutengenezwa hivyo ili yapungue uzito, na hapana ubaya kwa mtu aishiye mjini. Lakini dawa ile huziba tundu dogo la msumari kwenye sehemu ikanyagayo barabara. Haizibi ubavu uliochanika. Tena muda wake wa kutumika ulikuwa umepita.

Tulikaa pale gizani, kwenye baridi, na mtoto amefungwa kanga kichwani, karibu saa tatu. Mwisho akatokea mzee mmoja dereva wa lori la mbao. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Akamulika kurunzi kwenye ringi zangu, akamulika na ndani ya buti, kisha akasema, "Mwalimu, umelinunulia gari viatu vizuri, lakini hukulinunulia mguu wa tano." Hakusema neno zaidi. Akatupakia, akatufikisha zahanati. Mtoto yule sasa anasoma shule ya msingi, na kovu lake ni dogo. Mimi nalitazama kila asubuhi.

Baada ya hapo nilikaa mezani na daftari kama mwanafunzi. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, mikono ya mzazi si mkanda. Tufanye hesabu ile ya ubaoni. Gari liko katika mwendo wa kilometa 50 kwa saa, yaani karibu meta 13.9 kwa sekunde. Likigonga mti husimama kwa muda upatao sehemu moja ya kumi ya sekunde. Gawanya 13.9 kwa 0.1, utapata 139. Mtoto wa kilo 10 basi huvutwa mbele kwa kani ya nyutoni 1,390, ambayo ni sawa na uzito wa kilo 140 hivi. Mama gani awezaye kulishika kwa mikono gunia la mahindi na nusu yake, tena kwa ghafula? Au tazama kwa njia nyingine: kugonga kwa mwendo huo ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa meta 10. Kwa hiyo kiti cha mtoto si anasa ya matajiri. Ndicho kikorombwezo cha kwanza kununuliwa na mwenye mtoto mchanga, kabla ya mazulia na vifuniko vya viti.

Pili, tazama kwanza kile kisichoweza kuongezwa baadaye. Hili ndilo fundisho kubwa, na kama msomaji atasahau mengine yote, naomba asilisahau hili. Ringi, redio, vifuniko vya viti, keria ya juu, kamera ya nyuma, hata bamba la kukinga injini, vyote hivyo fundi aweza kukufungia siku yoyote utakapopata fedha. Lakini mifuko ya hewa, breki za ABS zinazozuia magurudumu yasikwame, mtambo wa kulizuia gari lisiserereke, mkanda wa kupita begani kwa abiria wa katikati, na vyuma vya kushikia kiti cha mtoto vyenye alama ya ISOFIX, vyote hivyo hufungwa kiwandani. Gari lililotoka bila navyo, hata ulijaze dhahabu, litabaki hivyo. Basi siku ya kununua ulipie vile vya kiwandani, na mapambo yangoje.

Vitu hivi navyo vilianza kama vikorombwezo. Mkanda unaopita begani na kiunoni ulibuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959, na kampuni hiyo ikawaachia watengenezaji wengine wautumie bila kuwatoza. Hata hivyo kwa miaka mingi wanunuzi wa nchi nyingi waliulipia kama nyongeza, na wengine waliukataa wakiona unawakunja nguo. Marekani ilianza kulazimisha magari mapya yawe na mikanda mwaka 1968, na jimbo la Victoria huko Australia likawa la kwanza kulazimisha watu waivae, mwaka 1970. Vivyo hivyo, breki za ABS za umeme zilianza kuuzwa kama nyongeza ya gharama kubwa kwenye gari la Mercedes-Benz mwaka 1978, na mtambo wa kuzuia kuserereka ulianza mwaka 1995. Kufikia mwaka 2014 nchi za Umoja wa Ulaya ziliulazimisha kwenye magari yote mapya. Kwa hiyo gari lililotumika la miaka ya katikati laweza kuwa nao au lisiwe nao. Sharti uulize. Kwenye Toyota tafuta herufi VSC.

Tatu, usitosheke na kuambiwa kuwa kitu kipo. Washa swichi bila kuwasha injini, utazame dashibodi. Taa ya mifuko ya hewa na taa ya ABS sharti ziwake, kisha zizime baada ya muda mfupi mitambo hiyo ikiwa sawa. Ikibaki inawaka, pana ubovu. Isipowaka kabisa, ogopa zaidi, maana huenda mtu ameiondoa ili ubovu usionekane. Vuta kila mkanda kwa ghafula uone kama unakaba. Fungua sakafu ya buti kwa mkono wako mwenyewe. Ukikuta tairi jembamba la akiba, fahamu kuwa ni la kukufikisha kwa fundi tu, na halipaswi kuzidi kilometa 80 kwa saa. Tazama pia jeki na spana ya magurudumu.

Nne, gari livae nguo za mahali linapoishi. Taa za ukungu ni mapambo kwa mkazi wa Dodoma, lakini kwa msafiri wa Makete au Njombe ni macho. Kiyoyozi ni raha kwa mtu wa milimani, lakini kwa mwenye watoto wadogo Dar es Salaam karibu ni lazima. Bamba la kukinga injini lina faida kubwa kwa barabara ya mawe, na faida ndogo kwa aendaye lami tupu. Magurudumu manne yenye nguvu huongeza uzito na hunywa mafuta zaidi kila siku ya mwaka. Yapime kwa kuhesabu siku unazokutana na matope. Viti vya ngozi vikiachwa juani mchana, wenye kaptura wanajua habari yake.

Gari langu la pili nililinunua kwa kanuni hizo. Nililipia mifuko sita ya hewa, mtambo wa kuzuia kuserereka na mikanda kamili kwa wote. Kisha nikabakiwa na shilingi laki sita. Kiti cha mtoto kilichukua laki mbili na nusu, tairi la akiba na ringi yake laki moja na arobaini, bamba la injini laki moja na nusu, na mtungi wa kuzimia moto pamoja na pembetatu za tahadhari elfu hamsini. Ilibaki elfu kumi, tukanunulia watoto matunda. Mwanafunzi wangu mpendwa, huko ndiko fedha zilikokwenda. Hazionekani kwa kuwa zimekaa chini ya viti.

Neno moja la tahadhari kwa wazazi: kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe kwenye kiti cha mbele chenye mfuko wa hewa unaofanya kazi, maana ukifumuka humpiga mtoto. Nyuma ndiko kwake. Wala msinunue kiti kilichokwisha kupata ajali, hata kikionekana kizima.

Najua wengi wetu hatuna motokaa na husafiri kwa basi. Somo bado ni letu. Ukiingia katika basi utafute mkanda na uufunge, hata kama jirani yako atakucheka.

Mwisho nawaachia mazoezi matatu ya likizo:

1. Gari liko katika mwendo wa kilometa 100 kwa saa badala ya 50. Je, nguvu ya mwendo wake imeongezeka mara mbili au mara nne? Eleza kwa hesabu.

2. Mtoto ana uzito wa kilo 15. Kwa mfano wa hapo juu, tafuta kani itakayomvuta mbele gari likigonga kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa.

3. Muulize mzazi au jirani mwenye gari akuonyeshe tairi lake la akiba. Asipoliona, mpe gazeti hili alisome.