Kupima Kaboni ya Misitu kwa Leza: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kulipa

Siku hizi mtumiaji hukutana na kaboni mahali asipoitarajia. Anaponunua tiketi ya ndege huombwa aongeze fedha kidogo ili msitu fulani ufidie moshi wa safari yake. Mwenzake kijijini huletewa mkataba wa kuuza kaboni ya msitu wa kijiji. Wote wawili huoneshwa idadi ya tani. Tani hizo hazikupimwa kwa mizani, nasi tunaona inafaa kueleza jinsi zinavyopatikana.

Kwa desturi, mpimaji huzungushia shina utepe, takriban mita 1.3 kutoka ardhini, kisha hutumia kanuni ya hesabu kukadiria uzito wa mti mzima. Kanuni hiyo ilitokana na miti iliyokatwa na kupimwa, mara nyingi michache, na pengine mbali na msitu unaohusika. Leza hufuata njia nyingine. Chombo husimamishwa msituni na kurusha mapigo ya mwanga pande zote. Muda wa mwanga kwenda na kurudi hutoa umbali, na mamilioni ya vipimo hivyo huchora umbo la kila mti, matawi yakiwemo.

Hata hivyo, leza haioni kaboni. Tuchukue mfano wa mti wenye mita za ujazo 2, ambao mbao zake kavu zina kilo 600 kwa kila mita ya ujazo. Uzito wake ni kilo 1,200, na takriban nusu yake, yaani kilo 600, ni kaboni. Kaboni hiyo ikiungua yote huwa hewa ukaa ya kilo 2,200 hivi. Muuzaji anayetaja "tani" bila kusema ni za kaboni au za hewa ukaa amekuachia tofauti ya karibu mara nne.

Katika msitu wa Wytham, karibu na Oxford nchini Uingereza, watafiti walipima kwa leza miti 815 katika eneo la hekta 1.4. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionesha uzito wa mara 1.77 ya ule uliokadiriwa kwa kanuni ya zamani. Habari hiyo ni njema kwa elimu, lakini mnunuzi aisome kwa makini: miti haikunenepa usiku mmoja. Kilichobadilika ni kipimo. Mradi uliopimwa kwa utepe mwaka wa kwanza na kwa leza mwaka wa tano waweza kuonesha ongezeko kubwa ambalo hewa haikulihisi kamwe.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa au kutia sahihi, omba kuoneshwa kwa maandishi njia iliyotumika mwanzoni na ile itakayotumika baadaye. Zikitofautiana, dai hesabu ya mwanzo irudiwe kwa njia mpya. Uliza pia uzito wa mbao ulitoka kwenye miti ipi; mninga na mkaratusi havilingani. Mwisho, uliza kuhusu mizizi na udongo, kwa kuwa leza haipenyi ardhini. Katika misitu yetu ya miombo sehemu kubwa ya kaboni imo humo, na tani zozote zitakazotajwa kwa ajili yake zitakuwa zimetoka kwenye kipimo kingine, ambacho nacho una haki ya kukiona.