Fao limechelewa, kodi inakaribia

SWALI: Nilipunguzwa kazini kiwandani Morogoro. Nimeomba fao la upotevu wa ajira NSSF, lakini malipo bado. Nina watoto wawili na kodi inakaribia. Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana, ndugu. Anza na chanzo cha ucheleweshaji. Omba taarifa ya michango yako NSSF. Mara nyingi tatizo ni miezi ambayo mwajiri hakuwasilisha makato. Ukikuta pengo, peleka hati zako za mshahara na barua ya kupunguzwa, udai lifuatiliwe.

Pili, kumbuka fao siyo haki yako pekee. Aliyepunguzwa baada ya kufanya kazi mwaka mmoja au zaidi anastahili kiinua mgongo kutoka kwa mwajiri: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Dai pia likizo ambayo hukuchukua. Ukinyimwa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) mapema, maana madai yana ukomo wa siku.

Tatu, panga matumizi kwa kiwango cha fao, siyo cha mshahara. Fao ni theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6. Aliyelipwa 600,000 atapata kama 200,000 kwa mwezi.

Mwone mwenye nyumba kabla tarehe haijafika, umwombe kulipa kwa mwezi mmoja mmoja. Kama una mkopo wa kikoba, omba marejesho yasogezwe. Mikopo ya kausha damu iepuke kabisa: riba yake italimeza fao kabla halijaingia.