Namba Iliyomshinda Fermat

Wasomaji wetu mpendao hesabu, leo twawaletea habari ya namba moja kubwa, nayo ni 4,294,967,297. Twawaomba mshike kalamu na karatasi, maana habari hii haifai kusomwa kwa macho tu.

Kwanza fahamuni maana ya namba tasa. Ni namba isiyogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama 3, 5 na 7. Lakini 15 si tasa, kwa kuwa ni 3 mara 5.

Sasa anzeni na 3. Toeni 1, mpate 2. Zidisheni 2 kwa 2, mpate 4. Ongezeni 1, mpate 5. Ifanyieni 5 vivyo hivyo, mtapata 17, kisha 257, kisha 65,537. Namba hizo tano zote ni tasa. Basi mwaka 1640 Pierre de Fermat, mtu wa sheria wa mji wa Toulouse katika Ufaransa, akasadiki kwamba namba zote zifuatazo ni tasa pia, ingawa alikiri kuwa hana thibitisho.

Namba ya sita ndiyo hiyo tuliyoitaja juu. Mwaka 1732 Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg katika Urusi, alionyesha kuwa yagawanyika kwa 641, na jawabu ni 6,700,417. Hakikisheni wenyewe:

6,700,417 mara 600 ni 4,020,250,200
6,700,417 mara 40 ni 268,016,680
6,700,417 mara 1 ni 6,700,417
Jumla ni 4,294,967,297

Pengine mtauliza, 641 yapatikanaje? Mtu akijaribu namba tasa zote kwa taratibu, kuanzia 2, ataifikia katika jaribio la 116. Lakini Euler baadaye alithibitisha kwamba namba tasa yo yote iigawanyayo namba hiyo ya sita, nayo ikigawanywa kwa 64, lazima ibakize 1. Namba tasa za namna hiyo, tangu iliyo ndogo, ni 193, 257, 449, 577 na 641. Basi majaribio matano yatosha. Hiyo ndiyo faida ya kufikiri kabla ya kuhesabu.

Hata leo haijapatikana namba tasa nyingine katika safu hiyo baada ya zile tano za kwanza. Na tangu ya sita hata ya thelathini na tatu, imekwisha julikana kuwa hakuna hata moja iliyo tasa.

Anunuaye magunia sita ya mahindi, akafungua matano akayaona mema, bado hajui lililomo katika la sita. Fermat alikuwa bingwa wa hesabu, na gunia la sita lilimshinda. Nasi tukumbuke kwamba katika hesabu wingi wa mifano si thibitisho.