Kukua Ukiwa Umepandwa

Somo la juma: Matendo ya Mitume 6:1-7



Juma hili nataka tuzungumze juu ya neno ambalo wengi hulisema wakiwa nje ya lango, si ndani ya ibada: "Mimi hili kanisa nimechoka nalo." Anayesema hivyo mara nyingi hajamwacha Bwana. Bado anaomba, bado anafunga. Ila ameumia. Alilazwa hospitalini na hakutembelewa. Wengine walichangiwa karo, yeye akasahaulika. Basi Jumapili inayofuata anavuka barabara na kuingia kanisa lingine. Mwaka ujao atakuwa kwa la tatu, au atabaki nyumbani na ibada ya kwenye simu.

Wacha nikuulize: unajua kanisa la kwanza nalo lilisahau watu? Katika Matendo 2, watu wapata 3,000 waliongezeka siku moja. Waliomba pamoja, wakala pamoja, wakagawana mali. Lakini fungua sura ya 6. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakirukwa katika ugawaji wa chakula cha kila siku. Yaani hata kanisa lililolelewa na mitume wenyewe, lugha ya mtu iligusa sahani yake. Sisi Wakenya hilo tunalielewa haraka.

Tuangalie mambo matatu.

1. Jambo lilitolewa nje. Manung'uniko yaliwafikia mitume, nao wakaita kanisa lote. Hakuna aliyeambiwa anyamaze kwa sababu eti watu wa kiroho hawalalamiki. Bwana Yesu naye alifundisha katika Mathayo 18:15 kwamba ndugu akikukosea, umwendee mkiwa wawili. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Uchungu ukifichwa moyoni, unahama na wewe hadi kanisa jipya.

2. Walioumia walipewa kazi. Soma majina ya wale saba waliochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani! Inaonekana kanisa liliweka huduma ile mikononi mwa watu wa upande uliolalamika. Kama wangekuwa wameshaondoka, nani angechaguliwa?

3. Walikua wakiwa kazini. Stefano alianza na meza za wajane, na baadaye akasimama mbele ya baraza akimshuhudia Yesu hadi kifo. Filipo alianza pale pale, kisha tunampata akihubiri Samaria, halafu njiani na yule towashi wa Kushi. Miaka mingi baadaye, katika Matendo 21, Paulo anafikia nyumbani kwake Kaisaria, naye ana binti wanne wanaotabiri. Huduma kubwa ilitanguliwa na kugawa chakula.

Ninamfahamu dada mmoja aliyefiwa, na kanisa alilokuwa akishiriki likachelewa kumfikia. Alikuwa tayari kuondoka. Badala yake alisimama kwenye kikundi cha nyumbani akasema wazi, "Mliniacha peke yangu." Palikuwa kimya. Leo yeye ndiye anayeweka daftari la wagonjwa na waliofiwa, na kila Jumatano anauliza nani ataenda kwa nani. Anaomba kwa nguvu kuliko zamani, kwa sababu sasa ana majina ya watu wa kuwaombea.

Ndivyo ilivyo, mpendwa. Waefeso 4:16 inatufundisha kuwa mwili hukua kila kiungo kikifanya kazi yake. Uvumilivu haujifunzi ukiwa peke yako. Utamsamehe nani kama hakuna aliye karibu vya kutosha kukukosea?

Sisemi mtu akae mahali anapodhulumiwa, au ambapo Injili imegeuzwa biashara. Hapo ondoka, na utafute msaada. Lakini kusahaulika, kutosalimiwa, kunyimwa zamu ya kuimba, hayo yana dawa, na dawa yenyewe ni ukweli na upendo, mezani pamoja.

Ya kujadili kwenye vikundi:

- Je, kuna uchungu ulionao na ndugu ambao hujawahi kumwambia mwenyewe?
- Katika kikundi chetu, nani hajaonekana majuma matatu yaliyopita? Nani atampigia simu leo, kabla hatujaachana?
- Ni pengo gani unalolalamikia ambalo huenda Bwana anakuita wewe ulizibe?

Tuombe: Baba, asante kwa jamaa uliyotupa. Ponya walioumizwa kati yetu. Tupe kinywa cha kusema kweli bila ukali, na miguu ya kumfuata aliyeachwa nyuma. Tupande, utukuze, utuzalishe matunda. Katika jina la Yesu, Amina.