Kuchunga Presha ya Wafanyakazi kwa Simu, Huku Tshangalele

Mfanyakazi hatakubali upime presha yake kama anajua namba itaishia mezani kwa mkubwa. Anzia hapo, kabla hata ya kununua kipimo. Mimi ni muuguzi wa karakana moja upande wa ziwa Tshangalele, na sharti nililompa mwajiri liliandikwa na kutiwa sahihi: vipimo nabaki navyo mimi, yeye ataambiwa tu ni wangapi wamejiunga. Hofu ya kupoteza kazi kwa sababu ya ugonjwa haiondoki kwa maneno matamu.

Programu za kulipia niliziacha. WhatsApp wengi wanayo tayari, na ujumbe wa sauti unamfikia hata yule asiyependa kusoma. Senegal, mwaka 2014, ilitumia ujumbe mfupi wa kawaida kuwashauri wenye kisukari wakati wa Ramadhani, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani. Simu ya vitufe ilitosha.

Pima kwanza. Mtu akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono uko usawa wa moyo, na anyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu: kwetu mtu akishakaa lazima aulize habari za nyumbani, na namba inapanda. Rudia mara ya pili. Ikiwa ni 140 kwa 90 au zaidi, na siku nyingine ikabaki hivyo, aende kwa daktari. Simu haiandiki dawa. Ikifika 180 kwa 120, na kifua kinabana au upande mmoja wa mwili umelegea, achana na ujumbe, tafuta gari.

Kisha chagueni jambo moja tu la kubadilisha. Sisi tulichagua chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo imehesabiwa ile ya makayabo, ya samaki mkavu na ya Maggi. Kumwambia mtu wa kando ya ziwa aache samaki ni kupoteza megabaiti. Niliomba picha za sahani. Bukari, sombe, na juu yake kipande cha samaki cheupe kwa chumvi. Yaya mmoja wa depo nilimtumia sauti: "Jambo yaya. Hii msikilizishe mama watoto. Samaki alale kwenye maji, asubuhi mwageni, mtie maji mengine, ndipo apikwe. Jaribuni mara mbili wiki hii, mniambie watoto wamesemaje."

Jibu lilitoka kwa mama mwenyewe, akiuliza kama kwenye sombe atie Maggi nusu. Tangu hapo nazungumza na anayepika. Mfanyakazi ananibebea sauti tu.

Kwenye kundi la WhatsApp usiandike namba ya presha ya mtu wala kumkaripia yeyote. Wa zamu ya usiku mtumie jioni, kabla hajatoka nyumbani. Megabaiti alipe mwajiri, na simu zichajiwe kazini, maana umeme wa mtaani haueleweki.

Anayenyamaza wiki mbili usimwandikie, mpigie. Mara nyingi dawa zimemwishia na mshahara bado haujatoka.